Mandazi ya Ulrich

Binti yangu Pascaline amekaanga mandazi hapa kambini Nakivale kwa miaka kumi na miwili. Mwezi uliopita daktari wa Mbarara akamwambia ana kifafa: ameze dawa kila siku, na akae mbali na moto. Basi mume wake Ulrich, asiyewahi kushika mwiko, akachukua karai. Pascaline alimwongoza kutoka kwenye kiti.

"Geuza, baba! Yanaungua!"

"Mama Vanessa, unaniamrisha kama kapita wa vibarua!" Ulrich akamjibu mkewe.

Wateja walicheka, lakini hakuna aliyenunua. Waliogopa kuambukizwa kifafa.

Kwetu mama mkwe hali chakula alichopika mkwe wake. Mimi nilikula matatu mbele yao, magumu kama muhogo mkavu.

Jirani akaniuliza mimi bibi mzee, "Koko, ni matamu?"

"Nunua uone."

Akanunua mawili.