Dada Dorotea na Jiwe la Chumbani

Shemeji yangu Masele ni fundi ujenzi, na hicho ndicho kinachonichoma mpaka leo. Angekuwa dereva au kinyozi, ningesema hakujua. Lakini huyu amewawekea watu madirisha na matundu ya hewa kuanzia Butimba mpaka mjini, kisha alipokuja kujenga ya kwake kule mlimani Mabatini, hapa Mwanza, chumba cha nyuma akakiegemeza kwenye jiwe.

Kule mlimani kuna mawe makubwa kuliko nyumba, na watu wanajenga katikati yake kwa kubanana. Masele alipata kiwanja chenye jiwe refu lililosimama wima, akafurahi kama mtu aliyeokota. Akajenga kuta tatu, wa nne ukawa jiwe lenyewe. "Huu ukuta kaujenga Mungu," aliwaambia wageni, huku akilipiga jiwe makofi kama anayempigapiga ng'ombe wake mgongoni. Dada yangu Dorotea naye alicheka siku zile, kwa sababu lilikuwa jua kali na chumba kilikuwa na ubaridi mzuri.

Mvua zilipokuja, jiwe likaanza kutoa jasho. Maji ya mlimani yaliteremka nyuma yake, yakapenya pale lilipokutana na kuta, yakachuruzika mpaka sakafuni. Godoro likawa halikauki. Nguo za kanisani zikatoka kabatini na madoa meusi. Na aliyelala chumba hicho ni Queen, binti yao wa mwisho, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule.

Dorotea ni mkubwa wetu, tumezaliwa Nansio, Ukerewe, na amekuwa akiuza dagaa mwaloni, pale mitumbwi ya ziwani inapotia nanga, tangu hajaolewa. Si mtu wa kelele. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini aliburuta godoro hadi nje akaliegemeza juani, akafuta jiwe kwa kanga kuukuu, akafungua kile kidirisha kimoja kilichokuwepo. Jioni anarudi anakuta mumewe amekifunga, eti wadudu wa ziwani wanaingia. Wakati huo huyo mume, fundi mzima, alikuwa akishughulika na uzio wa mbele. Akaujenga kwa matofali ya urembo, yale yenye matundu ya maua, ili wapita njia waone kwamba hapa anakaa fundi. Nilipouona nilishindwa kujizuia.

"Shemeji," nikamwambia, "barabara umeiwekea matundu ya hewa, mtoto je?"

"Mkerewe wewe, kazi yako kuropoka tu," akanijibu, akacheka. Mimi sikucheka.

Queen alianza na kikohozi, kikafuata kifua kubana. Usiku anakaa kitandani akihema kwa mabega, mama yake amemshika mgongo. Daktari akawaeleza wazi: mtoto ana pumu, na ule unyevunyevu na ukungu wa ukutani vinamchochea. Dawa atapewa, lakini ahamishwe pale, ukuta ukaushwe, hewa ipite. Sebuleni kulikuwa na makochi, na Masele hakutaka kuona kitanda katikati ya makochi yake. Chumba kile kingine ni chake na mkewe, na alikataa katakata kubadilishana. "Daktari amejenga wapi?" akauliza. Akalipaka jiwe rangi. Rangi ikabanduka. Akapaka tena, ikabanduka tena. Mwisho akatundika karatasi la nailoni kutoka juu hadi chini, na mbele yake pazia zito la maua, akasema tatizo limekwisha.

Kilichokwisha ni kuonekana tu. Kule nyuma ya nailoni maji yalikuwa yanaendelea na kazi yake, sasa bila hata ile kanga ya Dorotea.

Jumamosi moja ya masika ikawa zamu yao kupokea jumuiya ya kanisa kwa sala, na Masele ndiye mwenyekiti. Nilikwenda kumsaidia dada chai. Watu walikuwa wengi, sebule ikajaa, wengine wakaingizwa chumba cha Queen na mlango ukaachwa wazi. Mvua ilikuwa inapiga, madirisha yote yamefungwa. Tukaimba, tukahema, vioo vikaloa kwa ndani. Queen alikuwa amekaa kitandani, mgongo kwenye pazia. Katikati ya sala nikamwona anafungua mdomo na hewa haiingii.

"Mama mdogo," akaniita, na sauti haikutoka vizuri.

Mama mmoja akasema mtoto anasumbuliwa na nguvu za giza, tumwombee. Wakamzunguka! Watu wazima, wamemzunguka mtoto anayetafuta hewa, kila mmoja amenyoosha mkono juu ya kichwa chake. Masele naye akafumba macho.

Hapo ndipo Dorotea alipotoka jikoni. Alishika pazia kwa mikono miwili akalivuta, likaanguka pamoja na nailoni na fimbo yake. Jiwe lote lilikuwa jeusi, limeota manyoya, maji yanateremka. Harufu ikawafanya watu waweke leso puani.

"Nguvu za giza ndizo hizo hapo!" akapiga kelele. Sijawahi kumsikia dada yangu akipiga kelele. "Tokeni nje! Mkitaka kuomba, ombeni kwenye mvua. Mnammalizia mwanangu hewa!"

"Mama Queen, unaniaibisha," Masele akanong'ona.

"Dagaa wangu nawalaza juu ya chanja wapate upepo, Baba Queen. Mwanao umemlaza kwenye maji. Aibu ipi unayoizungumzia?"

Tulimkimbiza mtoto hospitali kwa bajaji. Wakamwekea mashine ya mvuke, kifua kikafunguka, wakatuambia tungechelewa kidogo tusingerudi naye. Nilitamani shemeji awe pale aisikie kauli hiyo. Alikuwa amebaki nyumbani kuwaomba radhi wageni.

Queen aliporuhusiwa alikuja kukaa kwangu Butimba. Dorotea akasubiri mvua zipungue. Siku Masele alipokwenda kwenye kazi yake Nyamagana, dada alichukua nyundo akaubomoa uzio wa urembo, tofali baada ya tofali, akisafisha kila moja. Kisha akamwita Nestory, kijana aliyejifunza ufundi kwa Masele huyohuyo. Alitaka ukuta mpya mbele ya jiwe, uachane nalo kiasi cha mtu kupita ubavu, chini mfereji wa kutoa maji nje, na yale matofali ya matundu yakae juu, huku na huku, upepo uingie upande mmoja utokee mwingine. Chumba kingepungua. Akasema kipungue.

Nilimleta Queen alasiri hiyo aone chumba chake, tukakaa uani. Masele akarudi, akasimama pale uzio ulipokuwa.

"Nani kavunja uzio wangu?"

"Mimi," Dorotea akajibu kutoka ndani. "Umehamia huku."

Masele akaingia. Pale tulipokaa tulimwona vizuri kupitia mlangoni, na majirani waliokuwa njiani walimwona pia, maana hakukuwa na kitu cha kuwazuia.

"Shikamoo, fundi," Nestory akasema kwa aibu, akamnyooshea mwiko. "Basi malizia wewe."

Masele akanyoosha mkono kuupokea.

"Mwiko huo usiutoe, Nestory," dada akasema. Akamgeukia mumewe. "Ukitaka kazi, nafasi ya saidia fundi ipo. Mota ya kujengea inaisha, na maji ya kuchanganyia yapo nje."

Masele alilitazama jiwe, akatutazama sisi uani. Queen akakohoa. Basi mwanamume akavua shati lake la kutokea, akainama, akabeba karai.

Akapita mbele yetu kwenda kuchota maji, akarudi, akapita tena. Queen akamfuata kwa macho.

"Mama mdogo, baba anafanya nini?"

"Anajifunza kujenga," nikamwambia.