Viatu Namba Thelathini na Nane

Kazi ya fundi wa mifumo ni kufanya duka la mtandaoni lisikilizane na ghala, na ghala lisikilizane na wasafirishaji. "Wake wenza walionuniana hawa," husema akivuta ndewe ya sikio, "bila mimi kukaa katikati hawapeani hata salamu." Kabla ya kutuma oda ya majaribio hugonga meza mara tatu kwa kidole. Wenzake hujaza upuuzi wowote, mteja aaaa, mtaa bbbb. Yeye, mwaka wa nne sasa, hujaza jina la marehemu mama yake, nyumba yao ya zamani, namba yake mwenyewe ya simu, na viatu vya wazi namba thelathini na nane. Kisha hukodolea macho skrini mpaka litokee neno "imepokelewa", ndipo hushusha pumzi.

Juzi alisahau kuweka alama ya kuonyesha kwamba ni jaribio tu. Viatu vikafungwa kweli, vikapakiwa, vikaenda. Mchana akapigiwa simu na dereva wa mizigo.

"Dada, niko getini. Wanaokaa hapa wanasema huyo mama hawamjui kabisa."

"Geti bado la kijani?" aliuliza.

"La kijani, ila rangi imebabuka. Sasa mashine yangu inataka sababu: amekataa, amehama, au tujaribu tena kesho."

Mkono wa pili ulikuwa kwenye ndewe ya sikio, hauvuti kitu.

"Weka tujaribu tena kesho," alisema.