Nyaya Mbili Nyeusi

Fundi wa betri pale gereji walimwita Matundu, kwa kuwa asidi ilishayala mashati yake mpaka yakafanana na chujio la chai. Alichaji betri miaka ishirini na miwili, na siri yake ilikuwa moja tu: nyekundu hakuijua. Waya mwekundu wa chanya na mweusi wa hasi, machoni pake zote nyeusi tii.

Sasa umeme, jamani, hauna habari na rangi. Rangi ni makubaliano ya watu. Lakini chanya ya mashine iende kwenye chanya ya betri, na hasi kwenye hasi. Zigeuze uone kilichomtoa kanga manyoya.

Aliyeijua siri hiyo ni mkewe peke yake. Kila mashine ya kuchaji ilipowekwa nyaya mpya, mama wa watu alipita na chakula cha mchana, akachutama kama anayeokota kitu, akafunga uzi mweupe kwenye ule mwekundu. Nyumbani alimtania kwamba ameolewa na mwanamume asiyejua hata rangi ya mdomo anayojipaka mkewe. Wakacheka wote wawili.

Akafa kwa homa ya siku nne. Hata mwezi haujaisha, bosi wa gereji akaleta mashine mpya, nyaya zake mbili zikitokea tundu moja, bila alama ya chanya wala hasi. Matundu akazitazama weee. Kumuuliza mtu ni kupoteza kibarua, na kazi nyingine hakuwa nayo. Akabahatisha. Betri moja ikapasuka, mashine ikaungua mbele ya macho ya watu.

Bosi hakufoka. Alisema fundi ana msiba, asilaumiwe. Matundu akaitikia kwamba ndiyo, ni msiba, na kibarua kikapona. Mchana akawasikia mafundi wakinong'ona kwamba marehemu kaondoka na akili za mumewe, kamharibia kazi kabisa. Akakiacha chakula. Aliona haya, haya ya kweli, kumtwisha kosa mtu aliyemchutamia miaka yote ile.

Akainuka, akaenda ofisini.

"Bosi, si msiba. Ni macho yangu, nyekundu siioni tangu kuzaliwa. Marehemu ndiye aliyekuwa akinionyesha, na hakuwahi kukosea hata siku moja."

 Bosi akampa pole tena, akanyoosha mkono, akamwomba ufunguo wa stoo ya betri, ule aliokabidhiwa siku ya kuajiriwa.