Masizi Yaliyoitangulia Dunia

Miaka thelathini na moja mwosha vyombo wa kantini ya hospitali alipigana na masizi. Sufuria zake hung'aa hata chini, mahali asipotazama mtu, na ole wake mpishi atakayemwambia kwamba chini hapaliwi. "Uchafu ni uchafu," humjibu, "hata ukiukalia."

Juzi binti wa kaka yake, mwalimu wa fizikia, alimkuta uani akisugua sufuria kubwa kwa mchanga. Akacheka.

"Shangazi, unajua hayo masizi yametoka wapi?"

"Kwenye kuni mbichi za mpishi. Kwingine wapi?"

"Na kuni je? Nyota ikizeeka hufura, huwa nyekundu, halafu hujimwaga angani kidogo kidogo, gesi na vumbi. Nyingine hutoa masizi kabisa, kama haya. Katika vumbi kama hilo ndimo ilimotoka dunia, na miti, na mimi na wewe."

Shangazi aliacha kusugua. Akavitazama viganja vyake vyeusi, akavigeuza, akavitazama tena, kama mtu aliyepata barua ya ndugu aliyemdhania amekufa.

"Yaani inazeeka, inajitoa yote, na hainung'uniki?"

"Hainung'uniki."

Kesho yake mpishi aliona ajabu: chini ya sufuria kubwa palibaki doa jeusi, upana wa kiganja.

"Leo umechoka, mama?"

"Shika adabu," alisema. "Hayo yameitangulia dunia kuzaliwa. Mkubwa huamkiwa, hasuguliwi."