Cheti cha Kamshish

Mushni alikuwa na mvi tangu miaka thelathini; ukoo wao ndivyo ulivyo. Vita vya Wajerumani vilipofika milimani kwetu Abkhazia, alikuwa na arobaini na tano, na wito wa jeshi ukaja kwa jina lake. Wiki ileile baba yake, Kamshish, akafariki.

Mkewe, Esma, ndiye aliyetoa shauri. Tulimzika mzee kwa jina la mwanawe. Mushni akachukua cheti cha kuzaliwa cha baba yake, akashika fimbo, akapinda mgongo. Karani wa jeshi alipopanda kuuliza, kijiji kizima tulisema Mushni kafa kwa homa.

"Na huyu?"

"Baba yake. Ana sitini na tisa."

Karani hakumtazama mara mbili.

Tulidhani vita vikiisha mambo yatarudi. Lakini mtoro ni mtoro, na jela ilikuwapo. Akabaki baba yake. Ndani alikuwa mume; mgeni akisikika langoni, Esma anageuka mkamwana wake, mjane. Na kwetu mkamwana hafungui mdomo mbele ya baba mkwe, wala haketi. Miaka nenda rudi Esma alisimama ukutani na jagi la mvinyo, kimya, wageni wakila. Wakishaondoka, maneno yanamtoka kwa mpigo.

"Ulivyoitafuna ile nyama! Mzee gani wa miaka tisini ana meno hayo?"

"Niyang'oe basi?"

"Tafuna polepole, mwanamume wewe, utatufungisha!"

Cheti kilipotimiza miaka mia, wakaja watu wa magazeti na madaktari wa kupima mapigo ya moyo. Wakampandisha farasi, wakamtia kwenye kwaya ya wazee. Wakitaka habari za kale, aliwapa zile alizosimuliwa na baba yake. Siku moja akamfuata Tarash, mwenyekiti wa wilaya.

"Mwanangu, mimi ni Mushni."

Tarash akafunga mlango. "Nimezaliwa hapahapa, mzee, unadhani sijui? Jina lako limeshafika Moscow. Lami imekuja kwa ajili yako. Ukiwa Mushni, mimi na wewe tutalala wapi?"

"Nimechoka kuwa baba yangu."

"Choka taratibu."

Esma alifariki masika, cheti kikisema mia na nne. Jeneza likawekwa uani. Wakuu wakaja, na madaktari wawili. Mahali pa baba mkwe ni mbali na jeneza, macho makavu. Mushni alisimama huko tangu asubuhi. Jua lilipofika utosini akaitupa fimbo, akaenda moja kwa moja, akaikumbatia miguu ya maiti, akamwita kwa jina. Kwetu hata mume hamwiti mkewe hivyo mbele za watu.

"Esma! Mke wangu! Ni mimi, Mushni!"

Tarash akawageukia madaktari. "Msiba umemchanganya. Anajiona ndiye marehemu mwanawe."

Daktari wa kike akafuta machozi. Wakamshika mabega kwa upole.

"Twende, babu."

"Mimi si babu! Waulizeni hawa!"

Akatutazama majirani zake, mmoja baada ya mwingine. Akafika kwangu. Tulikuwa tumechunga mbuzi pamoja tukiwa watoto. Nikatazama viatu vyangu, maana nami nilimdanganya yule karani, na nina wana wenye kazi za serikali.

"Haya, babu," akasema daktari. "Twende ukapumzike."

Akaenda.

Aliishi miaka sita mingine. Yule daktari alipanda kila mwezi, akimletea peremende na dawa ya magoti. Kila mara alimuuliza jina lake, na kila mara alijibu, "Mushni." Daktari akaandika kwamba mwili wa mzee bado ni wa ajabu, ila akili ndiyo imeshindwa na umri.