Shaka Niliyompa Mama

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumuuliza mama alibatizwaje.

Tulikuwa tunapukuchua mahindi uani kwetu, Mshangano. Nilikuwa nimerudia kusoma kijitabu cha mafundisho nilichonunua kwa watawa wa Hanga. Shule yangu iliishia darasa la saba. Yote niliyoyajua kuhusu dini baada ya kipaimara nilijifundisha mwenyewe, na anayejifundisha mwenyewe hana wa kumwambia kwamba sasa inatosha. Wakati ule niliuza mitumba sokoni Majengo. Kila shati nililigeuza ndani nje kutafuta uzi uliolegea kabla sijalitundika, na nikiuona nililirudisha kwenye robota hata kama mteja alikuwa amesimama na pesa mkononi. Dini nayo niliisoma hivyo hivyo.

Kijitabu kilisema ubatizo unataka maji, maneno ya Utatu Mtakatifu, na nia ya kufanya linalofanywa na Kanisa.

"Mama, wewe ulibatizwa na padri gani?"

"Padri alikuwa mbali, baba. Nilizaliwa sipumui vizuri. Bibi yangu alinimwagia maji kwa kata."

"Akasema maneno gani?"

"Nitayajuaje? Ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka tumboni!" Akacheka. "Labda alisema kwa Kingoni. Kiswahili kilikuwa kinamshinda."

Sikucheka. Niliuona uzi uliolegea, nami sikuweza kuuacha.

"Hapo pana shaka," nilisema.

Mama aliweka gunzi chini. Nikamweleza kwamba ubatizo ni mlango, na kama mlango una shaka, basi komunyo, kipaimara, hata ndoa yake na marehemu baba, vyote vinaingia shakani. Nilieleza vizuri sana. Nilipomaliza, alikuwa haniangalii tena. Alikuwa akiangalia nyuma ya nyumba, kwenye migomba, walipolala wadogo zangu wawili chini ya misalaba ya mti ambayo baba aliichonga mwenyewe. Mmoja alikufa siku aliyozaliwa, mwingine kabla hajaanza kutambaa.

"Wale niliwabatiza mimi," alisema. "Kwa kata ile ile. Bibi ndiye aliyenifundisha namna ya kufanya. Kama yeye alikosea, basi na mimi nilijifunza kosa lake."

Nikajibu, "Sijui, mama." Nilidhani huo ndio ukweli wa mtu muungwana.

Tangu jioni ile alianza kuamka kabla ya jogoo na kukaa mlangoni, amejifunika kitenge, akitazama ukungu ulioziba migomba. Kikohozi kilimwanza. Nikimwambia aingie ndani, anasema, "Naja," na haji.

Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa. Maduka yaliyokuwa yamefungwa yalifunguka, mitumba, nguo za kafa-Ulaya kama tulivyoziita, ikajaa sokoni, na wahubiri wakaja na spika zao kama walivyokuja wafanyabiashara. Kundi moja lilipanga nyumba Majengo, si mbali na meza yangu. Watu waliliita wale wa mtoni, kwa sababu walibatiza upya mtoni Luhira, mtu anazamishwa mwili wote. Walifundisha kwamba Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni majina tu ya mmoja, na huyo mmoja ni Yesu. Aliyebatizwa kwa maneno ya Utatu, walisema, amelowana tu.

Jirani yangu wa meza, mzee Mwislamu wa Tunduru aliyeuza vitenge na korosho, alikuwa akiwasikiliza huku anatingisha kichwa.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia asubuhi moja.

"Marahaba, padri." Alizoea kuniita hivyo kwa utani. "Nyinyi bado mnagombana Mungu wenu ni wangapi? Sisi hesabu hiyo tulishaimaliza. Mmoja, na hana mshirika. Tumefunga kitabu, tunauza vitenge."

"Na sisi tunasema mmoja, mzee."

"Sawa. Basi mwambie na huyo mwenye spika, maana naona hamjaambiana."

Nilikwenda. Nilingoja kiongozi wao, waliyemwita mtumishi, atoe nafasi ya maswali. Alikuwa akisema kwamba mtu mmoja anaweza kuwa baba nyumbani, mwalimu shuleni na mwenyekiti kwenye kikao, na Mungu ni vivyo hivyo. Nikauliza: Yesu alipobatizwa Yordani, yeye akiwa majini, ile sauti ya mbinguni iliyosema huyu ni mwanangu ilikuwa ya nani? Na alipokesha akisali, alikuwa anaongea na nani? Imani ya Kanisa tangu mwanzo, nilisema, ni Mungu mmoja katika nafsi tatu. Si miungu watatu, wala si mmoja anayebadilisha kofia. Baba anampenda Mwana, na hakuna anayeweza kulipenda jina lake mwenyewe kiasi cha kulituma life msalabani.

Watu walipiga makofi. Mtumishi akatafuta mstari mwingine, akakosa, akaanzisha wimbo. Nilihisi joto tamu kifuani. Halafu, watu walipoanza kutawanyika, nikamwona mama. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na spika, na kwa jinsi wanawake wa kundi walivyomsogezea benchi, nilijua haikuwa siku yake ya kwanza.

Tulirudi nyumbani pamoja, tukaliacha soko mbali.

"Ulimshinda," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Lakini yeye aliniambia watoto wangu wako wapi."

Wale wa mtoni hawabatizi watoto wachanga. Wanasema mtoto hajaweza kuamini wala kukosa, kwa hiyo akifa anakwenda mbinguni moja kwa moja. Sisi tunawabatiza kwa sababu neema ni zawadi, na zawadi haingoji mtu apate akili ya kuiomba. Fundisho letu ndilo nililoliamini, na bado naliamini. Lakini kutoka mdomoni mwangu mama alikuwa amepata neno moja tu, shaka. Kwao alipata mbingu.

Wiki iliyofuata rozari ya mama haikuwepo kwenye msumari wake. Nikadhani ameivaa. Kisha, asubuhi ya baridi kali ya Juni, alirudi ameloa kuanzia kilemba hadi miguuni, meno yanagongana, anatabasamu. Nilimkokea moto. Alikohoa mpaka akashika ukuta.

"Nimepata uhakika," alisema alipopata pumzi.

Nilimfunika kitenge kikavu. Niliogopa kifua chake, lakini niseme kweli, niliogopa zaidi kwamba ni mimi niliyemfikisha mtoni.

Nilimwendea katekista, mzee aliyenifundisha komunyo ya kwanza. Alikuwa anapalilia maharage, na hakuacha jembe wakati nikimsimulia. Nilipofika kwenye neno shaka, akaacha.

"Maji yalimwagwa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Bibi yule alitaka mtoto awe Mkristo?"

"Ndiyo."

"Sasa alikosea neno gani?"

"Sijui."

"Hujui kosa, ila hukumu umeshaijua." Aliegemea mpini. "Kwenye hatari ya kufa, yeyote anaweza kubatiza. Hata huyo jirani yako wa Tunduru, akimwaga maji, akisema maneno, na akikusudia linalokusudiwa na Kanisa. Kwa Kingoni, kwa Kiyao, kwa lugha yoyote. Anayebatiza kweli ni Kristo. Ungetegemea ukamilifu wa mtu, nani angebatizwa? Na kama mama yako bado hana amani, padri yupo, kuna ubatizo wa sharti, ule wa 'kama hujabatizwa', kwa mwenye shaka ya kweli. Wale watoto, hata kama maneno yalikosewa, Kanisa linawakabidhi kwa huruma ya Mungu. Hayo hukuyasoma?"

Nilikuwa nimeyasoma. Yalikuwemo kwenye kijitabu kile kile. Niliyapita haraka kwa sababu hayakuwa na masharti.

Nilikimbia kurudi nyumbani. Nakumbuka nilikuwa napanga maneno njiani, nayapanga na kuyapangua. Mama alikuwa jikoni, moto unawaka, sufuria ya uji juu ya mafiga. Nikapiga magoti pembeni yake na ndipo nilipoona kinachowaka. Mti mmoja ulikuwa umekwisha nusu. Mwingine ulikuwa bado mzima, na nilitambua alama za kisu cha baba mahali vipande viwili vilipokutana.

"Mtumishi anasema tusiwekee wafu sanamu," alisema bila kugeuka. "Hawamo mle."

Sikuutoa msalaba ule motoni. Nilimwambia yote ya katekista, kwa pupa, bila mpangilio wowote niliouandaa. Alisikiliza. Aliacha kukoroga uji.

"Kwa hiyo niliwabatiza."

"Uliwabatiza, mama. Wewe mwenyewe, kwa mkono wako."

"Mwezi ule ulisema shaka. Leo unasema hakuna." Alinigeukia, na uso wake ulikuwa wazi kama nisivyowahi kuuona, anataka, anataka sana. "Niapie, baba. Niapie kwamba hakuna shaka."

Ilikuwa rahisi. Lakini nilikumbuka kwamba sikuwepo. Sikuyasikia maneno aliyoyasema juu ya vichwa vile viwili, na mtu haapi juu ya asichokisikia. Nilifungua mdomo, nikasita. Haukupita muda mrefu, labda pumzi moja.

Mama aliiona ile pumzi. Akageukia moto, akausukuma ule mti ndani kwa mwiko.

"Ninaapa," nilisema.

"Uji umeiva," alisema. "Leta bakuli."

Mama yu hai, na kikohozi kinamrudia kila baridi ikianza. Anasali na wale wa mtoni, mimi nasali parokiani. Makaburi ya wadogo zangu hayana alama tena, nayapalilia mwenyewe kabla ya kwenda sokoni. Kijitabu bado ninacho na bado naamini kila kilichomo. Ila sijamuuliza tena mtu yeyote alibatizwaje.