Siku shangazi yangu aliposimama kwenye bampa: four-wheel hugawa nguvu vipi

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi huwa nasoma tu na kunyamaza. Leo naandika, na nitakayoandika yalinitokea mimi mwenyewe. Mtu pekee anayeweza kunipinga ni mke wangu, na yuko hapa karibu anafuma sweta.

Mnivumilie. Ninaandika polepole tangu shuleni, na hii simu ya mjukuu haijanisaidia.

Nimefuata ubishi wenu wa AWD, haya magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Mmoja anasema gari lake hugawa nguvu nusu mbele, nusu nyuma. Mwingine anasema lake hupeleka nyingi mbele. Wa tatu alikwama matope ya Mau na AWD yake, na sasa anasema dealer aliyemuuzia alimdanganya.

Huyo wa tatu ndiye amenifanya nitafute miwani.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa kijana wa kazi kwenye misheni moja upande wa Njoro. Shule niliishia darasa la nne. Kwanza niliongoza maksai wa mkokoteni wa misheni. Baadaye Padre akaleta gari la four-wheel, mwili wa bati na turubai juu, akanifundisha kuliendesha. Alisema mtu asiyepiga maksai hatapiga gia.

Gari nililiweza. Kuongea ndiko sikukuweza. Mbele ya watu wazima ulimi wangu uligoma kabisa.

Na nilikuwa nimempenda Chelangat, binti wa Mzee Koros wa Mau Narok. Tulikuwa tukionana alipoleta pareto kuuza. Yeye aliongea, mimi nilitabasamu.

Baba akapeleka neno la posa kwao. Basi kukatokea familia nyingine iliyomtaka Chelangat kwa kijana wao. Mzee Koros hakupenda kelele. Akatuma neno kwa pande zote mbili: "Njooni Jumamosi. Watakaofika kwanza nitakaa nao tuongee. Watakaofuata watakunywa maziwa, waende nyumbani."

Kwa desturi yetu, kijana haendi na wazee kumposa msichana. Anabaki nyumbani akingoja majibu. Lakini Padre alitupa gari kwa siku hiyo, na hakuna mwingine aliyejua kuliendesha. Kwa hiyo nikaenda kama dereva wa posa yangu mwenyewe.

Nilibeba baba yangu na shangazi Tapsubei, dada yake mkubwa. Shangazi alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde la pili. Yeye ndiye aliyepaswa kutuongelea.

"Huyu hana mdomo," alimwambia baba tukiondoka. "Nitaongea kwa mdomo wangu na wake."

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulipoanza kupanda, nikaingiza gia ya chini na kufunga four-wheel. Tulienda vizuri mpaka sehemu moja ambapo malori ya kubeba mbao yalikuwa yamechimba mitaro mirefu.

Hapo gari likalala upande.

Gurudumu la mbele kushoto likaning'inia ndani ya shimo la uji wa matope. La nyuma kulia likabaki hewani kabisa. Nikikanyaga mafuta, hayo mawili yanazunguka. Yale mawili yaliyokanyaga udongo mgumu yametulia tu, kama hayahusiki.

Baba akashuka, akatazama. "Si ulisema hii ina miguu minne?"

Nikashuka nami, nikainama kutazama chini ya gari.

"Miguu minne, na imelala kama mbuzi mgonjwa."

Tulipokuwa tukitafuta mawe, tukasikia kengele. Mkokoteni wa maksai ulikuwa unapanda nyuma yetu. Ndani yake walikaa wazee waliovaa makoti mazuri. Ndio wenzetu, ile familia nyingine.

Walisimama, wakatusalimu kwa heshima zote. Kisha mmoja wao, mwenye kofia, akasema, "Ndugu zetu, msihangaike. Tuwafunge kwa mnyororo. Maksai wetu watawavuta mpaka kwa Mzee Koros, tufike pamoja."

"Pamoja vipi?" shangazi akauliza.

"Sisi mbele kidogo," yule mzee akajibu, na wenzake wakacheka mpaka makoti yakatikisika.

Baba aliwashukuru akakataa. Wakaenda. Tukabaki tukitazama mikia ya maksai wao ikipanda kilima. Kama wangefika kabla yetu, basi Chelangat angekuwa ameenda.

Hao maksai ndio walionifungua macho, wakuu. Sikilizeni vizuri.

Maksai wawili hufungwa nira moja, na nira hiyo huvutwa katikati. Mmoja akiacha kuvuta, nira inapinda. Yule mwenye nguvu anasonga mbele peke yake na mzigo haujasogea. Hawezi kuvuta zaidi ya mwenzake aliyelegea.

Kila ekseli ya gari, yaani jozi ya magurudumu ya mbele au ya nyuma, ina nira kama hiyo. Ndiyo mnayoiita diff. Gurudumu moja likikosa cha kukanyaga, lile la upande wa pili nalo halipati nguvu. Mbele tulikuwa na mvivu mmoja, nyuma mvivu mmoja. Hiyo ndiyo sababu miguu minne ilikuwa imelala.

Lakini kati ya mbele na nyuma, gari lile halikuwa na nira. Ukifunga four-wheel, shafti ya mbele na ya nyuma, vile vyuma vinavyopeleka nguvu kwenye ekseli, zinafungwa pamoja, zinazunguka mwendo mmoja. Kinachogawanywa sawa ni mwendo. Nguvu yenyewe inaenda kwenye ekseli yenye kazi. Kwa hiyo sikuhitaji kuponya pande zote mbili. Nikimpa yule mvivu wa nyuma mzigo, nyuma yote itavuta, hata mbele ikizunguka bure.

Mzigo wenyewe ulikuwa umesimama kando ya barabara, umeshika kiuno.

Ilibidi niseme.

"Shangazi. Panda kwenye bampa. Nyuma, kona ya kulia."

"Nipande wapi?"

"Pale juu ya gurudumu lililo hewani."

"Kwani mimi ni mzigo?"

Sijui maneno yalitoka wapi. "Ndiyo, shangazi. Leo wewe ndiwe mzigo wetu. Panda, au Chelangat anaenda na wale."

Baba alifungua mdomo kwa mshangao. Shangazi akakunja sketi, akashika chuma cha turubai, akapanda.

Gari likainama. Lile gurudumu likagusa udongo.

Nikaachia klachi taratibu, bila pupa. La mbele likazunguka kwenye uji wake bila kusaidia chochote. La nyuma likauma udongo. Gari likatetemeka, likapanda mtaro, likatoka.

Baba akarukia ndani. Shangazi alikataa kushuka. "Endesha! Ukisimama italala tena!"

Wale wenye makoti tuliwafikia kwenye kona ya mwisho. Walisogea kando. Shangazi, matope mpaka kwenye kitambaa cha kichwa, akawapungia mkono mmoja kama malkia. "Ndugu zetu," akawaita kwa ile sauti yake, "sisi mbele kidogo!"

Tukafika kwanza, shangazi akiimba bado kwenye bampa.

Wazee waliingia ndani. Mimi, kwa desturi, nikabaki nje nikifuta taa za gari.

Baada ya muda mrefu Mzee Koros akatoka peke yake. Akalizunguka gari. Akaelekeza fimbo yake kwenye gurudumu la mbele.

"Haya ya mbele nayo huvuta?"

Nikamweleza. Nikaanza na nira, nikaja kwenye shafti. Akauliza, "Na kwenye kona? Maksai wa mbele hupita njia ndefu." Swali zuri sana. Nikamwambia ndiyo, magurudumu ya mbele huzunguka zaidi kwenye kona, na kwenye matope yanateleza kidogo bila shida. Lakini kwenye barabara ngumu lazima ufungue four-wheel, la sivyo shafti zinapigana na gari linakaza.

Niliongea kuliko nilivyokuwa nimeongea mwaka mzima.

"Waliniambia huna mdomo," Mzee Koros akasema. Akarudi ndani, na jioni ile tulipewa jibu jema.

Sasa, kijana uliyekwama Mau: hukuibiwa. Magari yenu ya leo mengi huendesha ekseli moja, na ikiteleza, klachi inabana na kupeleka nguvu kwa ile nyingine. Mengine hubana breki ya gurudumu lenye kuteleza, kumpa mvivu mzigo bila shangazi. Usisome tu namba za kwenye karatasi. Uliza gari lako linafanya nini gurudumu moja likiwa hewani. Kisha ushuke, utazame ni lipi halijakanyaga kitu.

Na mtu akiwa kimya, msidhani hana la kusema. Huenda hajapewa kitu cha kuvuta.

Nimemsomea mke wangu haya yote. Chelangat amecheka mpaka sweta likamwanguka. Anasema siku ile hakunisikia hata neno moja, alikuwa jikoni. Anasema alichungulia, akaona mwanamke mzima anafika kumposa akiwa amesimama kwenye bampa, amejaa matope na anaimba, akamwambia mama yake, "Hao ndio watu wangu."

Mimi nasema nilimpata kwa jibu langu kwenye lile swali la kona. Wakuu, amueni nyinyi. Na aliyewahi kukwama aseme alitokaje.